Kuvu ya Himalaya na mti wa ubani: mavuno mawili, hatari moja

Kuvu ya kiwavi, kwa jina la kitaalamu Ophiocordyceps sinensis, huota katika malisho ya Uwanda wa Juu wa Tibet na milima ya Himalaya, nchini China, Nepal, Bhutan na India, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hadi 5,000. Humwingia kiwavi wa nondo aishiye ardhini na kumuua. Theluji inapoyeyuka, huchomoza kichwani mwake mfano wa kijiti cha hudhurungi. Katika tiba za jadi za Kichina huuzwa kwa bei kubwa, na familia nyingi za milimani huitegemea kwa fedha za mwaka mzima.

Mti wa ubani, Boswellia sacra, humea kwenye mabonde makavu ya Dhofar, kusini mwa Oman, na katika nchi jirani ya Yemen na ng'ambo ya bahari huko Somalia. Mvunaji huchanja gome, utomvu mweupe hutiririka na kukauka kwa takriban wiki mbili, ndipo hukusanywa. Huo ndio ubani unaofukizwa majumbani kuanzia Muscat hadi Zanzibar. Mwaka 2000, UNESCO iliiorodhesha Ardhi ya Ubani ya Oman, likiwemo bonde la Wadi Dawkah, katika Urithi wa Dunia.

Tofauti kubwa ya viumbe hivi ni namna vinavyovunwa. Kuvu hung'olewa nzima, na bei yake huwa juu zaidi ikiwa changa, kabla haijatawanya spora zake. Kwa hiyo soko humlipa vizuri zaidi yule anayeinyima kizazi. Mwaka 2020 iliingizwa katika Orodha Nyekundu ya spishi zilizo hatarini kutoweka.

Mti, kwa upande wake, hubaki hai baada ya kuvunwa, lakini majeraha yakizidi hudhoofika. Utafiti uliofanywa Eritrea kuhusu mti wa jamii hiyo ulibaini kwamba mbegu za miti iliyochanjwa sana huota kwa nadra. Mifugo nayo hula miche michache inayochipua.

Kwa sababu hiyo, tiba zao hazifanani. Mti wa ubani huhitaji kupunguziwa majeraha na kupewa misimu ya kupumzika. Kuvu haina nafasi hiyo: iliyokwisha kung'olewa haipumzishwi, na kinachoweza kuiokoa ni kuachwa sehemu yake ardhini hadi itawanye spora.