Malazi ya Wanafunzi: Kutoka Mlimani hadi Nyakinama

Askari huelewa upesi kuliko watu wengine maana ya malazi. Kikosi kisicho na pa kulala hakina hesabu ya asubuhi iliyo kamili. Chuo kikuu nacho kina hali hiyohiyo, ingawa wasomi wamechelewa kukiri.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mabweni yakajengwa huko, mbali na mitaa ya mji. Taifa changa liliwapa vijana hao chumba, chakula na vitabu kwa jasho la wakulima. Ndiyo maana tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwaingiza katika Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere hakusita. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, naye akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vitanda vya Mlimani vikabaki vitupu. Wengi wao walirejeshwa baadaye.

Tatizo la miaka iliyofuata lilikuwa kinyume chake: wanafunzi waliongezeka, vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kukawa na mabweni ya Mabibo, nje ya kampasi, na wengi wakapanga vyumba mitaani. Mwanafunzi anayepanga hulipa kodi na nauli kutoka katika fedha ileile ya chakula, na anayerudi usiku kutoka maktaba anapita vichochoro ambavyo polisi wa doria wanavijua vizuri.

Tarehe 2 Juni 2016, Rais John Magufuli, akiweka jiwe la msingi la maktaba mpya, aliahidi shilingi bilioni 10 za mabweni. Kazi ilipewa Wakala wa Majengo Tanzania, chombo cha serikali yenyewe. Tarehe 15 Aprili 2017 majengo 20 ya ghorofa yalizinduliwa, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yaani 192 katika kila jengo. Ukigawa fedha hiyo, kila kitanda kiligharimu takriban shilingi milioni 2.6. Desemba ya mwaka huo picha za nyufa zilisambaa, na Wakala ukaeleza kuwa ni nafasi zilizoachwa makusudi kati ya sehemu za jengo ili kuta zipate kutanuka. Swali lenyewe halikuwa uchokozi. Nyumba iliyojengwa kwa fedha ya umma yafaa kukaguliwa na umma.

Rwanda ilikabili haja hiyo kwa njia nyingine, na katika habari hiyo jeshi limo ndani. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchi ilihitaji mafundi na wahandisi upesi, wala haikuwa na muda wa kungoja majengo mapya. Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Kigali kilipoanzishwa mwaka 1997, kilipewa majengo ya iliyokuwa shule ya maofisa wa jeshi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Silas Lwakabamba, aliyepata kuongoza Kitivo cha Uhandisi hukohuko Mlimani. Kwa kijana wa Bugeshi, chini ya milima ya volkano mpakani mwa Kongo, asiye na jamaa Kigali, nafasi ya masomo isiyo na pa kulala ni karatasi tu.

Nako Nyakinama, karibu na Musanze, mambo yaligeuka upande wa pili. Tangu 1981 palikuwa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa. Tangu 2012 maofisa wanasoma hapo katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Jeshi la Ulinzi la Rwanda.

Tanzania, kwa upande wake, iliirudisha mwaka 2013 huduma ya lazima ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita, iliyokuwa imesimamishwa mwaka 1994. Hivyo, majengo ya Mlimani yalipofunguliwa 2017, baadhi ya walioyaingia walikuwa wamekwisha kulala kambini.