Endelevu

Pita Barabara ya Othaya, Kileleshwa, jijini Nairobi, usome mabango ya majengo mapya. Palipokuwa na nyumba moja na ua mpana, sasa ni maghorofa, na wauzaji hawaishi kusema ni makazi "endelevu". Uliza kinachoendelea ni kipi, utaonyeshwa taa ya sola langoni.

Neno lenyewe limeundwa vizuri. Tulia huzaa tulivu, legea huzaa legevu, endelea huzaa endelevu. Limegoma kuvaa viambishi tu: twasema mtu mtulivu, watu watulivu, lakini mradi endelevu, miradi endelevu. Halijamkosea mtu. Waliomkosea msomaji ni wanaolipaka kama rangi ya kijani.

Endelevu ni kile kisichojila chenyewe. Kwa mfano, BasiGo, kampuni ya mabasi ya umeme iliyoanza majaribio Nairobi mwaka 2022, ilijua bei ya betri ingewatisha wenye matatu. Ikaitoa betri kwenye bei ya basi; mwenye basi akawa analipia betri na chaji kwa kila kilomita anayokwenda. Nia ya kupunguza moshi ikazaa namna mpya ya kuuza, na malipo yakafuatana na kazi ya barabarani. Hapo neno limefanya kazi (na mwenye matatu, tunavyomjua, hanunui kwa kuwa anapenda miti).

Ndugu mtunga matangazo, kabla ya kulibandika bangoni, andika kwanza ni nini kitakachoendelea, kwa gharama ya nani na kwa miaka mingapi.