Mtoto aliyekimbia bila kuvuka mpaka

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulimlinda mtu kwa sharti moja kubwa: awe nje ya nchi yake. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 22, unamtaja mtoto mkimbizi tu. Aliyechomewa nyumba Burnt Forest, nchini Kenya, akalala Eldoret, bado ndani ya nchi yake, hakuwamo.

Afrika ndiyo iliyomwona mapema. Julai 1990, viongozi waliokutana Addis Ababa walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mwishoni mwa ibara ya 23 waliongeza kwamba ulinzi wa mtoto mkimbizi umhusu pia aliyehamishwa ndani ya nchi yake, iwe ni kwa vita, ghasia, maafa au sababu nyingine yoyote. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, iliyosimamiwa na Francis Deng wa Sudan, ilitoka 1998, tena bila nguvu ya mkataba.

Kenya iliuridhia mkataba huo wa Afrika, lakini maneno yake hayakufika kambini. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziling'oa watu zaidi ya 600,000, na viwanja vya maonyesho vya Nakuru na Eldoret vikajaa mahema. Mei 2008 ikaja Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa waliobomolewa nyumba. Fedha zilitolewa kwa familia. Mtoto alihesabiwa kupitia mzazi. Aliyepotezana na wazazi, au aliyewazika, angepanga foleni kwa jina la nani? Na cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimeungua pamoja na kabati.

Jibu liliandikwa Oktoba 2009 katika Mkataba wa Kampala, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani. Ibara ya 13 inampa hata mtoto asiye na mlezi haki ya kupata hati kwa jina lake mwenyewe. Kwangu mimi, hicho ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote: bila karatasi, haki nyingine hazina pa kushikia.

Kenya ilitunga sheria yake ya wakimbizi wa ndani mwishoni mwa 2012. Mtoto aliyepaswa kuanza darasa la kwanza Januari 2008 alikuwa sasa anaingia la sita, kama hakupoteza mwaka kambini.