Bata Mzinga Mwitu na Wavu wa Baruti

Bata mzinga tunayemfuga asili yake ni Mexico. Ndugu yake wa porini, aliyetapakaa Marekani karibu yote, alikaribia kutoweka. Katika jimbo la Massachusetts, wa mwisho kujulikana aliuawa mwaka 1851 kwenye mlima Tom. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa mashamba na mbao, na wawindaji walipiga risasi mwaka mzima, dume kwa jike, kisha nyama ikauzwa sokoni bila mtu kuulizwa.

Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilizuia nyama iliyowindwa kinyume cha sheria kuvushwa kutoka jimbo moja kwenda jingine. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya Pittman-Robertson, na kodi ya bunduki na risasi ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye uhifadhi. Fedha zikapatikana, lakini ndege hawakurudi. Kwa miaka mingi idara za wanyamapori zilizalisha bata mzinga vizimbani na kuwaachia msituni kwa maelfu. Wakafa. Kifaranga aliyekua bila mama mwenye uzoefu wa pori hajui kujificha mwewe akipita juu, wala hajui kulala mtini usiku ili mbweha asimfikie. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa lililogharimu muda mwingi kuliko yote katika historia hii.

Dawa ilikuwa kuwahamisha wale wachache waliosalia porini, ila kuwakamata ilikuwa kazi kwelikweli, maana ndege huyu ana macho makali na woga wa ajabu. Mwaka 1951, katika msitu wa Francis Marion jimboni South Carolina, Herman Holbrook alifanikiwa kuwanasa kwa wavu unaorushwa kwa baruti. Mahindi humwagwa mahali pamoja hadi ndege wazoee kuja. Wavu hukunjwa pembeni na kufunikwa majani, watu wakajibanza kimya. Ndege wakishainamisha vichwa kula, baruti hulipuliwa na wavu ukawafunika kabla hawajaruka. Kila mmoja hutiwa kwenye boksi la karatasi ngumu na kusafirishwa hadi msitu mpya. Massachusetts ilipewa ndege 37 tu kutoka New York mwaka 1972 na 1973. Leo ina zaidi ya 20,000.

Walipoongezeka, uwindaji ulirudi kwa masharti. Missouri ilifungua tena msimu mwaka 1960. Majimbo mengi yaliruhusu madume pekee wakati wa masika, kwa sababu dume mmoja hupanda majike wengi, na jike huhitajika hai ili aatamie mayai yake kwa siku 28.

Hata hivyo, katika miaka ya karibuni idadi imeshuka majimbo ya kusini-mashariki. Baadhi ya watafiti wanashuku kwamba madume wakubwa wanauawa mapema mno, kabla majike hawajapandwa. Wengine wanataja viota kuliwa na rakuni, na makazi kuharibika. Ubishi haujaisha, lakini kungoja uishe ni kucheza na ndege aliyerudishwa kwa jasho. Georgia haikungoja: mwaka 2022 ilipunguza kikomo cha mwindaji kwa msimu kutoka madume 3 hadi 2, na ufunguzi ukasogezwa kutoka Machi hadi Aprili. Mwaka uliofuata Tennessee nayo ikashusha kikomo chake hadi 2 na kuchelewesha msimu kwa wiki mbili.