Bankambo walinunua nini? Magazini, feza na mahari katika Katanga

Kila mara familia mbili zinapokutana juu ya ndoa, karatasi moja inatokea. Tunasoma: vikwembe, bulangeti, suti ya baba, sufuria, taa, mufuko wa chumvi, halafu feza. Kijana akiuliza sababu gani orodha ni ndefu namna hii, mzee anajibu: « Ni vile bankambo walituachia. » Sisi hatutaki kubishana na wazee wetu. Tunapenda tu kuuliza: vitu hivi bankambo walivipata wapi, na tangu wakati gani?

Kwanza inapashwa kusema wazi kwamba, mbele ya Wazungu kuja, watu wa Katanga hawakukosa vitu vya nyumba. Walivaa nguo za rafia, za ngozi na za maganda ya miti. Chumvi ilitoka Mwashya, karibu na mto Lufira. Wahunzi walifua majembe, na wayeyushaji walimimina shaba kwa mfano wa msalaba. Misalaba ile na majembe vilitumika katika biashara, na vilitumika vile vile kutoa mahari. Wakati wa Mwami M'siri, misafara ya Benguela na ya pwani ya mashariki ilileta Bunkeya merikani, kaniki, shanga, baruti na bunduki. Lakini sehemu kubwa ya mali ile ilipita kwanza mkononi mwa mwami, na ni yeye aliyegawa. Mtu wa kawaida alipewa, alibadilisha ao alirisi. Kwenda kununua kwa feza, kama tunavyofanya leo, hakukujulikana.

M'siri aliuawa mwaka 1891. Chini ya serikali ya Leopold II, watu wengi walilipwa kwa vitu: nguo, shanga, chumvi, waya wa shaba. Ubelgiji ulishika inchi mwaka 1908, na dekreti ya mwaka 1910 ikaagiza wanaume walipe kodi kwa feza. Tukumbuke jambo hili vizuri: katika vijiji vyetu vingi feza iliingia kwa mlango wa kodi, haikuingia kwa mlango wa soko. Mtu alitafuta falanga kwanza juu ya Bula Matari, na kile kilichobaki ndicho alienda nacho magazini.

Mwaka ule ule 1910, reli kutoka Rodezia ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Bourse du Travail du Katanga ilianza kutafuta watu wa kazi mukini, na mwaka 1911 tanuru ya Union Minière ikatoa shaba ya kwanza. Nyuma ya reli wakaja wauzaji: Wagiriki, Wareno, Waitalia, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Mali ilipanda kutoka kusini, na kwa hiyo shilingi za Waingereza zilitembea pamoja na falanga mpaka nyakati za Vita ya kwanza ya dunia. Lugha yetu inashuhudia hayo hata leo. Neno « bulangeti » halikutoka kwa Wabelgiji, wenye kusema couverture. Lilikuja na Kiingereza cha kusini, pamoja na kitu chenyewe.

Magazini ilileta desturi mpya. Zamani za misafara nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na mabishano yalikuwa juu ya mkono wa nani. Sasa ikaja yadi, kisha metre. Vitu vilikaa nyuma ya meza ya muuzaji. Mnunuzi alionyesha kwa kidole, akahesabiwa bei. Mtu wa kazi alikuwa anapata posho ya chakula, kwa hiyo mshahara wake mdogo ulienda kwa kodi, kwa kaputula, kwa kikwembe na kwa bulangeti. Kontra ikiisha, alifunga sanduku lake akarudi kwao.

Na pale sanduku lilipofunguliwa, ndipo historia ya orodha yetu inaanza. Mali ile haikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa sehemu ya mama, sehemu ya baba, na kwa Basanga ao Balamba, wenye kufwata ukoo wa mama, sehemu ya mjomba haikusahauliwa. Kwa wakwe, bulangeti moja lilisema mengi: kijana huyu alienda mbali, alitumika, hakufa, hakupotelea mu camp, na aliporudi alitukumbuka. Lilikuwa ushuhuda wa miezi ya jasho.

Kisha, karibu mwaka 1928, Union Minière ilianza kutaka watu wa kazi wakae muda mrefu pamoja na bibi zao. Wanawake wakawa wengi kambini, na wao wenyewe wakaanza kuchagua sabuni, beseni, sahani na sufuria. Vitu vya nyumba vikaongezeka, na pole pole vikaingia vile vile katika mambo ya ndoa.

Basi tuseme nini? Vitu vingi tunavyoita vya bankambo havijapita sana miaka mia moja. Jembe na msalaba wa shaba viliacha nafasi yao kwa bulangeti na kikwembe, kwa sababu wazee wa wakati ule waliangalia maisha ya vijana wao na kukubali kile ambacho vijana waliweza kuleta kwa kazi yao. Kile walichochunga ni maana: heshima kwa wazazi wa binti, na alama ya kazi ya mikono ya kijana.

Leo vijana wengi wanakaa bila ndoa, ao wanaishi na bibi bila baraka ya familia, kwa kuwa orodha imewashinda. Hatusemi mahari itupwe. Tunasema: mzee anapoandika kitu juu ya karatasi, aeleze maana yake. Kile kisichokuwa na maana, kifutwe. Kama orodha ilibadilika mara moja kwa hekima, inaweza kubadilika tena, na bankambo hawatatukasirikia.