Rika, Joka na Uwanja wa Ruring'u

Kabla kalenda ya ukutani haijafika Nyeri, Wagikuyu walihesabu miaka kwa vijana waliotoka jandoni. Kila rika lilibeba jina la jambo la wakati wake. Waliotahiriwa ndui ilipoenea miaka ya 1890 ni Mutung'u. Wa wakati wa funza ni Ndutu. Kipande, kitambulisho cha kikoloni cha kuvaa shingoni, karibu 1920, kikazaa Kibandi. Mzee akitaja rika lake, ameshakutajia mwaka.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, anaeleza jinsi rika lilivyopata kiongozi. Wavulana walishindana mbio hadi kwenye mti wa mugumo, na wa kwanza kurusha mkuki wake wa mti juu ya matawi akawa msemaji wa wenzake maisha yote. Alfajiri ya pili yake walioga mtoni kwenye maji ya baridi, kisha wakakikabili kisu bila kupepesa macho.

Hayo yalimkuza mtu. Nchi nayo ilikuwa na jando lake, ituika: kizazi cha Maina kiliwaachia utawala Mwangi, na Mwangi wakawarudishia Maina, kila baada ya miaka 30 au zaidi. Hapo ndipo alipohitajika Ndamathia, joka la mtoni. Mapokeo yanasema alileweshwa pombe, naye alipolegea akanyofolewa singa za mkia, na bila hizo ituika haikutimia. Filamu za siku hizi humpandisha kijana mgongoni mwa joka. Kijana wa huku alitakiwa apate singa tu.

Kenyatta anaweka ituika ya mwisho kati ya 1890 na 1898. Desemba 1902 Waingereza wakajenga boma lao Nyeri. Zamu iliyofuata ilitarajiwa 1925 hadi 1928. Serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku. Kizazi kizima kikabaki mlangoni, kimekomaa na hakijakabidhiwa kitu.

Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari, vijana wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kupigana na Waingereza. Kiapo chao kilipitia chini ya tao la migomba, kama lile la jandoni. Kiongozi wao Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, lakini wenzake wengine hawakutoka. Desemba 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, walijitokeza katika uwanja wa Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, nywele zikiwa ndefu na silaha mikononi. Waliingia msituni vijana, wakatoka watu wazima, wakakuta utawala umeshapokelewa na wengine. Ardhi waliyoipigania wengi wao hawakuipata.

Leo mvulana hutahiriwa hospitalini wakati wa likizo ya Desemba. Kwa miaka mingi ilikuwa baada ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho 2023. Kanisa huwaweka kambini, na kila mmoja ana mutiiri wake wa kumwelekeza. Tohara ya wasichana sheria ya 2011 imeiharamisha, na ni haki. Kilichopotea ni jina: waliotahiriwa mwaka mmoja hawaitwi kitu kimoja tena. Katiba ya 2010 inabeba sehemu ya ituika: rais na gavana wana kikomo cha mihula miwili. Anayetoka anajua siku yake. Wanaopaswa kupokea bado hawajajihesabu kuwa rika moja.