Tanuri Lililojengwa kwa Kumbukumbu

Mtu anayekuta sokoni mashine kuukuu, iwe gramafoni, cherehani au mashine ya kufyonza vumbi ya aina isiyoonekana tena, huanza kazi ya kuifufua akiwa na kitu mbele yake. Skrubu ikikosekana, tundu lake lipo. Mpira ukioza, alama yake imebaki kwenye bati. Chombo chenyewe humwongoza fundi. Lakini ikiwa chombo kimekwisha kutoweka, na kilichosalia ni kumbukumbu za wazee tu, je, chaweza kufufuliwa? Jibu la swali hili lilitafutwa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, mwaka 1976.

Kisa chenyewe kilianza na neno. Mwaka 1969 Peter Schmidt, mwanafunzi wa Kimarekani, alifika Bukoba kuchunguza masimulizi ya kale ya Wahaya. Katika kijiji cha Katuruka wazee walimwonyesha mti mkubwa mahali paitwapo Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa uhunzi. Walimsimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ili apate kuziona mbingu, na jinsi mnara huo ulivyoanguka. Msikilizaji mwingine angalilipokea simulizi hilo kama ngano ya kulalia. Schmidt alichimba. Ardhi ikatoa mabaki ya uhunzi na mkaa, na vipimo vya baadhi ya mkaa huo vikarudi hadi karne za kabla ya kuzaliwa Masihi. Jina lilikuwa limehifadhi jambo la kweli kwa muda mrefu kuliko umri wa ufalme wenyewe.

Hata hivyo, jina haliyeyushi chuma. Majembe na vyuma kutoka Ulaya vilipoenea katika karne ya 20, kazi ya kuyeyusha mtapo ilififia, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imekoma. Wahunzi waliendelea kufua, ila kwa vyuma chakavu. Ujuzi wa kutoa chuma ndani ya jiwe ulibaki kwa wazee wachache walioushuhudia au kuushiriki ujanani mwao.

Ndio hao walioombwa, baada ya zaidi ya miaka 50, wajenge tanuri upya, mbele ya Schmidt na Donald Avery, mhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani. Walichimba shimo na kulikandika udongo wa kichuguu. Humo wakajaza matete ya kinamasini yaliyochomwa yakawa makaa. Juu yake wakainua bomba la moshi, kimo cha futi 5 hivi, kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani. Kuzunguka tanuri waliingiza kewa nane, yaani mirija ya udongo, na nyuma ya kewa wakapanga mivukuto ya ngozi za mbuzi.

Hawakufaulu mara moja. Wazee walijua mpango wa kazi, lakini vipimo vilikuwa vimewatoka mikononi. Ikawabidi kujaribu, kukosea, kubishana na kujaribu tena, hata tanuri likakubali na bonge la chuma likapatikana.

Siri yote ilikuwa katika hewa. Mashine ya kufyonza vumbi huivuta hewa, mivukuto huisukuma. Katika zote mbili, ufundi ni kuiongoza hewa ipite panapotakiwa. Schmidt na Avery waliona kwamba kewa ziliingia ndani sana ya tanuri, wakahoji kwamba hewa ilipata moto humo kabla ya kufika kwenye mkaa. Katika makala yao ya mwaka 1978, kwenye jarida la Science, walieleza kwamba joto lilizidi nyuzi 1,800, na kwamba katika chuma kile ilikuwamo pua, ile tuiitayo feleji. Walieleza pia kwamba matanuri yaliyofukuliwa Kemondo, kwenye njia itokayo Bukoba kwenda Muleba, yalionyesha kuwa ufundi huo ulikuwako zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wengine walipinga hoja ya hewa iliyopashwa moto, na mjadala ukaendelea miaka mingi. Lakini kwamba wazee wale walitoa chuma kutoka katika jiwe, hilo halikupingwa.

Wakati nao haukungoja. Mwaka 1978 vita vilizuka Kagera, na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo. Maradhi hayo yakachukua watu wengi, na pamoja nao wengi waliokuwa warithi wa masimulizi. Schmidt aliporudi Katuruka mwaka 2008, aliwakuta wanakijiji wenyewe wakitaka kuyakusanya yaliyosalia, na mengi yalikuwa vinywani mwa wanawake, ambao watafiti wa awali hawakuwauliza sana.

Sisi wapenzi wa tungo tumezoea kusema kwamba utenzi ukihifadhiwa moyoni hauozi. Kaiija inatuunga mkono, kwani neno moja lilimwonyesha mgeni pa kuchimba. Lakini tanuri la 1976 lisingesimama kwa neno peke yake. Lilisimama kwa kuwa mikono iliyopata kushika mivukuto ilikuwa bado hai, na kwa kuwa mtu alikwenda kuiomba kabla ya kuzikwa.